Mbuzi Ambaye Babu Alimkataa

Ukifika kwa shangazi yangu, hukuulizwa jina. Hukuulizwa umetoka wapi, wala nani amekuelekeza. Ulioneshwa benchi lililo kando ya ukuta, ukapewa bakuli la uji wa mtama, na yeye akarudi kwenye sindano zake za kufumia kana kwamba benchi halina mtu. Ulipoliweka bakuli chini ndipo alipokutazama usoni, akavuta daftari la shule lililokuwa chini ya mkeka.

"Haya. Jina?"

Nimewahi kumwona akimfanyia hivyo ofisa mtendaji wa kata. Alikuja na barua ya kumwita shangazi ofisini, akasimama wima uani, akajitambulisha kwa jina, kwa cheo na kwa chuo alichosoma. Shangazi akamnyooshea bakuli.

"Mama, mimi niko kazini," akasema ofisa.

"Hata mimi. Kunywa."

Akanywa. Alipomaliza aliitafuta barua yake asiione. Shangazi alikuwa ameikalia, na hakuinuka mpaka mgeni alipoaga.

"Aliyefika amechoka haandikwi, analishwa," alikuwa akisema. "Ukimwandika ana njaa, atakupa jina lolote unalolitaka wewe."

Utaratibu huo haukuwa wake. Ulikuwa wa baba yake, yaani babu yangu, na babu aliupata vitani. Nimekaa kuandika habari za shangazi, lakini sina njia ya kumfikia isiyopita kwa babu, maana kwa miaka yote niliyomjua mwanamke huyu alikuwa na ugomvi mmoja tu na dunia. Alitaka baba yake akumbukwe kwa alichokifanya, si kwa kile ambacho watu wangependa awe amekifanya. Na kati ya watu wote wa Nyamwaga, kijiji chetu, aliyekaribia zaidi kumshinda katika ugomvi huo nilikuwa mimi, msomi wa familia.

Babu alichukuliwa na jeshi la Mwingereza wakati wa Vita vya Pili. Wenzake walipelekwa mbali, wengine hadi Burma. Yeye alipelekwa kulinda kambi ya wakimbizi karibu na Arusha, na wakimbizi wenyewe walikuwa Wazungu: wanawake na watoto wa Kipolandi waliofukuzwa kwao, wakazungushwa nchi za barafu na nchi za mchanga, mwisho wakatuliwa chini ya Mlima Meru. Babu aliporudi akawaambia watu wa Nyamwaga kwamba ameona Wazungu wamepanga foleni ya uji, na kwamba mkorogaji alikuwa yeye, watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mzungu mkimbizi? Mzungu anamsubiri Mkurya amjazie bakuli? Wakamwona mwongo. Lililozidi ni kwamba alirudi hana hata kovu, ila sindano mbili ndefu za kufumia, na siku za mvua alikaa mlangoni kwake akafuma mbele za watu. Huku kwetu kijana huitwa *mura*, na neno hilo linanuka mkuki. Babu akawa mzaha unaotembea.

Alipokufa, sindano zikabaki kwa shangazi. Mzaha nao ukabaki kwake.

Kila mtu wa ukoo wetu ana sweta lake, maana baridi ya asubuhi ya Tarime haina mchezo. Shangazi alikwenda soko la mitumba pale mjini akachagua masweta yaliyotoboka, ambayo hata wauzaji walikuwa wakiyafutia viatu. Akayafumua, akauosha uzi, akauviringisha kwenye mabunzi ya mahindi, akaanza upya. Rangi hazikumshughulisha. Nilisoma kidato cha tano ndani ya sweta lenye kifua cha kijani na mkono mmoja wa zambarau, na shule nzima ikaniita Kasuku. Likizo nilipomlalamikia, nikamuuliza kwa nini asinunue uzi mpya dukani kama watu wengine, alinitazama kwa huruma.

"Kasuku anaruka," akasema. "Hao wanaokucheka wanaruka?"

Baadaye ndipo aliponieleza. Kambini palikuwa na bibi mmoja wa Kipolandi ambaye ndiye aliyemfundisha babu kufuma. Mtu mzima akifa pale, sweta lake halikuzikwa naye. Lilifumuliwa, likawa soksi na kofia za watoto. Babu ndiye aliyekuwa akichimba makaburi. Akitoka kuchimba anakaa na yule bibi, anafumua. Wengi aliowachimbia walikuwa wadogo, shangazi alisema, na hapo akaomba apewe kopo lake la ugoro.

Ugoro huo ulimgombanisha na kanisa. Aliimba sauti ya pili kwaya kwa miaka na miaka, Jumapili hakukosa, na siku za tope aliingia kanisani na mabuti yake ya mpira mpaka mbele. Mzee wa kanisa alipomnong'oneza kuhusu mabuti, alijibu kwa sauti ya kwaya: "Yesu aliosha miguu ya watu. Viatu hakukagua." Lakini mwanamke huyohuyo kila mwaka alikwenda kwenye kaburi la baba yake akadondosha ugoro kidogo kwenye udongo. Mchungaji alipopata habari akaja kumwonya kwamba hayo ni mambo ya giza.

"Mchungaji, wewe baba yako unamwekea nini?"

"Maua."

"Basi. Wangu maua hakunusa."

Na mengi ya zamani aliyashikilia. Binti yake alipoposwa, alidai ng'ombe kama mzee wa miaka mia, na aliyeletwa ana pembe moja alirudishwa njia nzima kwa miguu. Nikamwambia kwa Kiswahili changu cha chuo kikuu kwamba mahari inamdhalilisha mwanamke. Akasema, "Sawa, mura. Wewe binti yako mtoe bure, sisi tutakuja kula pilau."

Lakini liko jambo la zamani ambalo alilikataa kwa mwili mzima. Kwetu Desemba ya miaka fulani ni msimu wa kukeketa wasichana, na shangazi, ambaye mwenyewe alikeketwa na hakuwahi kulizungumza, nyumba yake ilijaa wasichana waliokimbia makwao. Walifika wana miiba miguuni. Wakakuta benchi, uji, na mwanamke asiyewatazama. Wakishashiba ndipo majina yanaingia daftarini, na kila mmoja anapewa sweta.

Mwaka mmoja nilikuwapo likizo ya Krismasi. Wanaume watatu walikuja mchana kweupe, mapanga mkononi, wanamtaka msichana wao. Shangazi alikuwa mlangoni anafuma.

"Mama, tumekuja kumchukua mtoto wetu."

"Subirini nimalize mstari."

Wakasubiri. Sijui kwa nini walisubiri. Nadhani hawakuwahi kukutana na jibu kama hilo, wakaona ni utaratibu. Shangazi akafuma polepole, akapotea hesabu, akaanza mstari upya, akawaomba radhi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya tangi la maji, nikiwa na shahada zangu mbili. Kwa nyuma ya migomba, bodaboda ilikuwa imeshambeba yule msichana kuelekea kwa masista. Mstari ulipoisha, shangazi akainua uso.

"Hapa hakuna msichana. Hajafika wala sijamwona. Ingieni mtazame."

Wakaingia, wakatoka, wakaenda zao wakitukana. Nilipotoka nyuma ya tangi nikaona nafasi ya kumkamata. Nikasema, "Shangazi, wewe si ndiye hupendi uongo? Umewadanganya wale watu kweupe."

Hakusita hata kidogo. "Uko uongo wa kuziba mlango na uko uongo wa kujipamba. Nilioukataa ni wa kujipamba."

Alikuwa anajua anamsema nani.

Baba yangu mzazi, kaka yake shangazi, alikuwa mtumishi wa serikali Musoma, mtu wa suruali zilizopigwa pasi, na aibu ya baba anayefuma ilimkaa kooni kama mfupa. Sisi watoto wake alituambia babu alipigana Burma. Nami nilipofika chuo kikuu nikaandika insha ndefu juu ya babu yangu wa Burma. Risasi begani nilimwongezea mimi mwenyewe, kwa sababu insha ilikuwa imepoa katikati. Ikapendwa, ikachapwa kwenye jarida la wanafunzi, na binamu mmoja mpenda shari akaifikisha Nyamwaga.

Baada ya mwezi nikapata kifurushi. Ndani yake sweta, mikono inanipita vidole. Pamoja nalo karatasi: "Babu yako Burma hakufika. Begani alikuwa na jipu. Mikono ya sweta ni mirefu kwa sababu mikono yako ni mirefu, inachukua visivyo vyako. Shangazi yako."

Hapo ndipo utafiti wangu ulipoanza, kama unaweza kuuita utafiti jambo analolifanya mtu ili shangazi yake amsamehe. Uliendelea kwa kusuasua miaka mingi, katikati ya makala za magazeti na ada za watoto. Nilikwenda yaliko makaburi ya Wapolandi karibu na Arusha, nikasimama mbele ya misalaba mifupi nikiwaza ni udongo upi aliugeuza babu. Nilikaa kwenye vyumba vya nyaraka, nikapiga chafya za vumbi la mkoloni siku baada ya siku. Jina la babu sikuliona. Nilichokiona, ndani ya jalada lisilo na mpangilio, ni barua ya ofisa mmoja wa kambi anayelalamika kwamba nidhamu ya walinzi inaporomoka: wanatumwa kuni na akina mama, wanabeba watoto mabegani, na askari mmoja amekutwa lindoni anafuma soksi, bunduki ameiegemeza mtini. Jina la askari hakuliandika. Nadhani aliona haya kwa niaba yake.

Nilimpelekea shangazi nakala. Nikamsomea kwa kutafsiri. Nilipofika kwenye soksi, alicheka mpaka ugoro ukamwagika kangani.

"Walimwona!" alisema. "Walimwona! Soma tena hapo kwenye mti."

Nikasoma tena. Nadhani nilisoma mara nne. Sijawahi kumpa mtu zawadi ikapokewa vile, na kama ningekuwa na akili ningekomea hapo.

Lakini kata ilikuwa inajenga jiwe. Mtu mmoja mwenye nafasi yake, mzaliwa wa Nyamwaga, alitaka wazee waliokwenda vitani wakumbukwe, na kamati ikakubali kusimamisha jiwe la zege karibu na uwanja wa mnada wa ng'ombe, majina yachongwe humo. Shangazi akafika kwenye kikao cha kwanza na mabuti yake kutaka jina la baba yake, nami nikafuata nyuma na bahasha ya nakala. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mzee mwenye meno mawili na sauti ya kunadi mifugo.

"Mwalimu," aliniita hivyo ingawa sifundishi, "sisi na babu yako hatuna ubaya. Ila orodha yetu ni ya mbuzi."

"Mbuzi gani, tata?" nikauliza, kwa heshima ya mtoto kwa baba.

Akanieleza kama anayemweleza mtoto wa mjini, na hakukosea. Zamani kwetu, mtu aliyeua vitani hakuingia nyumbani moja kwa moja. Alichinjiwa mbuzi, akapakwa majani yaliyomo tumboni mwa mbuzi, akavishwa ukanda wa ngozi yake mkononi, ili damu ya aliyemuua imwachie. Askari waliporudi kutoka vita ya Mwingereza walipangwa mstari, wakachinjiwa mmoja mmoja. Hakuna aliyeweka karatasi, lakini kila ukoo unakumbuka mbuzi wake. Aliyechinjiwa alipigana. Asiyechinjiwa, kamati itajuaje?

"Baba yangu alikuwa kwenye mstari," shangazi akasema.

"Alikuwapo, dada. Akamkataa mbuzi."

Hilo ni kweli, na Nyamwaga nzima inalijua. Zamu yake ilipofika, babu aliwaambia wazee, "Mimi sikuua mtu. Mimi nilizika watoto." Wazee wakarudi pembeni kushauriana, kwa sababu kwa aliyezika watoto wa watu wasiojulikana hapakuwa na mnyama wala dawa. Wakamwambia basi, pokea tu mbuzi uwe kama wenzako. Akakataa. Tangu siku hiyo wako waliokataa kutia mrija kwenye chungu kimoja cha pombe naye, wakisema mtu huyu ana maiti za wageni mikononi na hajasafishwa.

Nikamtolea mwenyekiti barua ya soksi. Akaisikiliza yote.

"Jina liko wapi?"

"Halikuandikwa."

"Basi ni askari wa watu wengine. Tena anafuma." Wazee wakacheka. Lakini hakuwa mtu mbaya, akashusha sauti. "Sikilizeni. Dawa ipo. Mjukuu anaweza kusimama mahali pa babu. Leteni mbuzi, tumchinje, tumsafishe mzee wetu, jina liingie. Yaishe."

"Mwenyekiti," akasema shangazi.

"Naam, dada."

"Mbuzi huyo baba alimkataa akiwa na meno yote. Leo nimlishe yuko kaburini?"

"Dada yangu, ni jina tu."

"Ni mbuzi tu, ni jina tu. Kwenu kila kitu ni tu." Akasimama, akakung'uta mabuti, akatoka.

Mimi nilibaki. Naomba niseme ukweli hapa, maana sina mahali pengine pa kuusemea. Nilikuwa nimeshawaahidi wanangu kuona jina la babu yao mkuu kwenye jiwe. Nilikuwa nimeshatunga hotuba, na ilikuwa nzuri. Nikajiambia shangazi ni mkaidi, kwamba miaka ikipita jina litabaki na mbuzi atasahauliwa. Nikatafuta mbuzi mweupe, nikasimama mahali pa babu, nikapakwa, nikavishwa ukanda wa ngozi mkononi. Wazee wakala nyama. Fundi akachonga jina.

Siku ya kufungua jiwe nilivaa lile sweta la mikono mirefu ili ukanda usionekane, kwa kuwa nilitakiwa kukaa nao mpaka ukatike wenyewe. Watu walijaa, kwaya ikaimba. Kitambaa kilipovutwa, shangazi alisogea mpaka puani pa jiwe, akasoma majina kwa kidole. Alipofika kwenye jina la baba yake, kidole kikasimama. Akageuka, akanifuata, akanishika mkono kama mtu anayetoa pongezi. Kisha akapandisha mkono wa sweta alilolifuma mwenyewe.

"Aliua nani?" akauliza.

"Shangazi, tusiongelee hapa..."

"Nakuuliza. Umemsafisha damu. Damu ya nani?" Hakupaza sauti, ila waliokuwa karibu waligeuka. "Mbele yake hakukuwa na adui. Walikuwapo wanawake na watoto, na yeye ana bunduki. Basi aliua yupi kati yao? Wewe umesoma, niambie."

Hotuba ilikuwa mfukoni, na haikuwa na kitu. Miaka yote nilikuwa nikiupamba uongo usiomdhuru mtu, ndivyo nilivyodhani, kumbe siku nilipokubali ule ukanda nilikuwa nimekiri mbele ya ukoo mzima kwamba babu yangu aliua wakimbizi aliowakorogea uji. Na kwetu, mbuzi akishaliwa, maneno yake hayarudi.

Kesho yake ilikuwa siku ya mnada. Shangazi alifika asubuhi na nyundo na tindo vya fundi jirani, akaweka kigoda mbele ya jiwe, akaketi, akaanza kulichonga jina la baba yake litoke. Wanunuzi wa ng'ombe wakamzunguka. Mwenyekiti akaja mbio.

"Dada, una wazimu? Watu wanalia majina ya baba zao yaingie!"

"Waache walie. Nisogelee uone."

Alichonga mpaka jua likawa kali. Mkono wa kikongwe ni dhaifu, na herufi zilitoka moja moja kama meno ya mtoto. Hakuna aliyemgusa. Mimi nilisimama nyuma ya watu, kwa sababu hapakuwa na tangi la maji.

Wakamwita kwenye iritongo, ule mkutano wa hadhara ambamo wazee wetu huamua kesi za kijiji. Alikwenda na kikapu cha uzi, akafuma wakati anashtakiwa. Wakasema ameharibu mali ya kata. Akajibu, "Nimefuta jina la baba yangu. Ya baba zenu yapo, tena nimeyapangusa vumbi." Wakasema, na yule mbuzi je, si ameshaliwa? Akasema, "Hilo ni la matumbo yenu. Baba yangu hakuwa mezani." Wazee wakajaribu kutafuta kosa hilo linaitwaje, adhabu yake ni ipi, na safari hii tena, kama kwa baba yake, hawakuwa na mnyama wa kutosha. Wakaahirisha. Bado wameahirisha.

Pengo halikuzibwa. Lipo mpaka leo katikati ya majina, limechimbika kama sahani. Nimekaa pale siku za mnada nikaona: mgeni akija kutoka Sirari au Mugumu, majina mengine anayapitisha jicho, ila akifika kwenye pengo anauliza, "Hapa alikuwa nani?" Na mtu wa Nyamwaga, apende asipende, inambidi aeleze habari za uji na soksi.

Shangazi hakunisemesha mwaka mzima. Simu zangu alipokea, akasikiliza pumzi zangu, akakata. Katikati ya mwaka huo miguu yake ilimgomea, binti yake akamhamishia kwake Manchira, karibu na bwawa. Wa Nyamwaga wakasema amekimbia aibu. Akawatumia ujumbe kwa kondakta wa basi: "Sijakimbia, nimehama. Nikikimbia mtanisikia nahema."

Nilikwenda bila kuaga. Kutoka Tarime nikapanda basi hadi Mugumu, nikamalizia na bodaboda, vumbi likanipaka rangi moja na barabara. Nilimkuta uani, amekonda, mwili wote umebaki macho na vidole, sindano zinakwenda taratibu. Maji ya bwawa yalikuwa yakimetameta kwa mbali, na yeye ameyapa mgongo.

"Shikamoo, shangazi."

Akaonesha benchi kwa kidevu. Binti yake aliponiletea bakuli aliinama sikioni mwangu, akanong'ona, "Usikasirike. Siku nyingine hamjui mtu."

"Shangazi, nimekuja kuomba..."

"Kunywa."

Nikanywa. Yeye akafuma mistari miwili, mitatu. Nilipoliweka bakuli chini aliinua uso akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyetoka porini na miiba miguuni. Nilimtafuta machoni nijue kama ananijua. Sikuweza, na mpaka leo sijaweza kuamua.

"Haya. Jina?"

Nikamtajia.

"Baba yako?"

Nikamtaja.

"Babu yako?"

Nikamtaja, jina lote, kama lilivyokuwa kwenye jiwe.

"Kazi yake?"

"Askari."

"Alipigana wapi?"

"Hakupigana. Alilinda kambi ya wakimbizi. Aliwakorogea uji, akawafumia soksi, akazika watoto wao."

"Aliua nani?"

"Hakuua mtu."

"Nani alisema aliua?"

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na ndoo, hasogei.

"Mimi," nikasema.

Akapeleka mkono chini ya mkeka, akalitoa lile daftari, kurasa zimevimba kwa majina ya watu waliowahi kufika kwake wamechoka. Akalifungua palipo peupe, akanisukumia pamoja na kalamu.

"Macho yangu yamekwisha. Andika mwenyewe," akasema, akaokota sindano zake. "Na uanze na hilo jibu la mwisho."